Fungu la Mwantum

Mwantum alikuwa akipeta uwele uani, nje kidogo ya Kondoa, mwalimu Priska wa elimu maalumu alipomletea kishikwambi chenye picha. Ukigusa picha ya mtungi, kinasema maji. Ukigusa jembe, kinasema shamba. Mwantum alikuwa mtu mzima, na kwa ulemavu wake wa akili maneno mengi yalimkwamia kooni. Picha alizijua zote kabla ya mavuno kwisha.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya marehemu mama yake, Bi Mwanaidi, pamoja na kikohozi chake. Priska alisema hakuiweka yeye. Majirani hawakulisumbukia jambo hilo. Kila aliyepita alikiamkia, "Shikamoo, Bi Mwanaidi," nacho kikaitika, "Marahaba, hamjambo?" Wakazungumza nacho, wakamsahau aliyekipakata.

Haja ya Mwantum ilikuwa moja. Mama aliacha shamba la alizeti, na sheria ya Mwenyezi Mungu ilimpa bintiye fungu lake, lakini kaka yake Khalidi alililima lote, akisema, "Huyu shamba atalipeleka wapi?" Basi Ijumaa, baada ya swala, Mwantum akajitanda kanga akaenda mbele ya wazee wa ukoo.

Wazee wakakiamkia kishikwambi. Mzee Abdulrahim, aliyemzidi marehemu umri, akangoja aamkiwe yeye, nacho kikamwamkia.

Mwantum akagusa picha. "Mimi. Nataka. Shamba."

Wakashauriana kwa adabu. "Shemeji," akasema Mzee Abdulrahim, "tumekusikia. Lakini wewe umekwisha kufariki, tumekuzika wenyewe. Maiti hamiliki ardhi. Mali yako ni ya warithi."

"Na mrithi ndiye mimi," akadakia Khalidi.

"Basi yamekwisha. Pumzika, shemeji."

Mwantum akakizima. Akajipiga kifua kwa kiganja. "Mi… mi," akasema kwa kinywa chake. "Fu… ngu."

"Mtoto anasemaje?" akauliza mzee mmoja.

"Hebu kiwashe, Khalidi, mama yake atufahamishe."

Khalidi akanyoosha mkono; Mwantum akakikalia kishikwambi. Wazee wakamsubiri marehemu kwa subira njema, na aliponyamaza wakasoma Fatiha, shamba likabaki kwa Khalidi.

Mwantum hakuondoka. Walipotoka kuswali alasiri walimsikia bado, akilisema neno lile. Sasa lilikuwa likitoka zima.