Khatibu na Kanga za Mkewe

Khatibu aliuza vyombo vya plastiki sokoni Kasulu, lakini watu hawakuja dukani kwake kwa ajili ya ndoo. Walifuata mdomo wake. Aliyenunua jagi aliondoka na kisa cha bure, na asiyenunua kitu naye aliondoka nacho, ndiyo maana ile biashara haikunenepa hata siku moja. Kikundi cha maigizo cha Ange kilipomwomba ajiunge, alikubali kabla hajamaliza kuombwa.

Ila mwaka ule wa 2013 kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa haambiliki kwa kichekesho, naye alikuwa mkewe mwenyewe. Tangu mimba yake iharibike, ikiwa imekwisha kuanza kucheza tumboni, Swaumu alizungumza kwa kupima. Alipika, alifagia, aliitika salamu. Basi. Khatibu alimtibu kwa dawa aliyoijua: kisa asubuhi, kisa mchana, na usiku akamwongezea. Dawa haikuingia. Wiki hiyo Swaumu akasema anataka kwenda kwa mama yake Ujiji kupumzika, na hakusema atarudi lini.

Khatibu aliingiwa na woga, akajifanya hana. Akajiambia kwamba mkewe akicheka tu, japo kidogo, hatakwenda. Akambembeleza aje kwanza kulitazama igizo siku ya gulio. Ujiji haihami, alimwambia, na Swaumu akaitikia kwa kichwa ili mradi yaishe.

Igizo lilihusu sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka. Ange alizaliwa Mtabila, kambi ya wakimbizi ikiwa bado na watu, na huko ndiko alikojifunza kuigiza. Alikuwa binti mwembamba mwenye amri ya mwalimu mkuu. Aliwaonya waigizaji kwamba si kila mgonjwa wa akili huvua nguo na kuokota makopo. "Yupo wa kukaa tu," alisema. "Huyo tunampita mlangoni, tunamsalimia, tunaenda zetu." Mgonjwa katika igizo alikuwa mwanamke. Mumewe, aliyeigizwa na fundi seremala Venanti, alimfokea na kumwita mvivu. Kawaida yao igizo lilichezwa mpaka mwisho, kisha likarudiwa, na safari hiyo mtazamaji aliyeona kosa alipaza sauti "Hapo!", akaingia uwanjani, akachukua nafasi ya mkosaji. Pembeni alikaa muuguzi, kwa yeyote ambaye angetaka kuzungumza naye baadaye.

Sasa siku yenyewe Pelagia, aliyemwigiza mgonjwa, alikuwa amekwenda mazishini Buhigwe na mvua ikachukua daraja. Gulio limejaa, ngoma imekwisha kupigwa, mgonjwa hayupo.

"Nitaugua mimi," akasema Khatibu.

"Wewe? Na hizo ndevu?" Ange akauliza.

"Ugonjwa unachagua kidevu?"

Akakimbia nyumbani. Swaumu alikuwa ametangulia uwanjani, hivyo hakukuwa na wa kumzuia. Akachomoa kanga zake kwenye kamba, akabeba na ungo wa maharage, akarudi mbio. Alipojitokeza, ndevu zikichungulia ndani ya mtandio, gulio lilivunjika mbavu. Hata wauza dagaa waliacha nzi wajilie.

Khatibu alikaa mkekani, akatafuta mwanamke mgonjwa hukaaje. Mwili ukampa kile macho yalichokuwa yakikiona kila siku. Magoti upande mmoja, mkono juu ya ungo. Akaokota punje ya haragwe, akaiangalia, akairudisha, kisha akaiokota ileile. Upande wa wanawake kicheko kikafifia. Kanga zile walizijua. Mwamvua, muuza mawese aliyepakana nao ukuta, akageuka polepole kumtazama Swaumu. Khatibu hakuona lolote. Alikuwa akiionea fahari kazi yake.

Igizo likaisha, likarudiwa. Venanti akaanza kufoka, "Wewe mwanamke, hayo maharage yatajichambua?"

"Hapo!"

Alikuwa Swaumu. Khatibu moyo ukamruka kwa furaha: mke wangu anacheza! Swaumu akaingia uwanjani, akamvua Venanti kofia, akaivaa upande. Halafu akafunga mikono nyuma, akatanguliza tumbo, akatembea kwa madaha huku akikuna ndevu zisizokuwepo.

"Khatibu huyo!" soko likapiga kelele.

"Mke wangu we," Swaumu akasema kwa sauti nzito, "umesikia ya mbuzi wa Abdalah? Kaingia saluni, katoka na wigi mdomoni!" Akainama, akamchungulia Khatibu usoni. "Hujacheka. Ngoja basi, kumbe mwenye wigi alikuwa bado analivaa!"

Watu walishikana mabega. Khatibu mwenyewe ilibidi ajing'ate mdomo, maana kisa kilikuwa chake na mkewe alikisimulia vizuri kuliko yeye. Akakumbuka kwamba yeye ni mgonjwa, akajaribu kusema. "Mume wangu, leo nilikuwa nime..."

"Hiyo baadaye! Sikiliza kwanza hii."

Kila alipofungua kinywa, kisa kikamziba. Mbuzi alitoka saluni akaingia benki, akatoka benki akaingia harusini, na kila mara Swaumu aliinama kuangalia kama amelipwa kicheko chake. Khatibu akaanza kuchoka, uchovu wa kweli, wa mpaka kwenye mifupa. Hapo ndipo alipojisikia jinsi anavyosikika kwa mkewe, na aibu ikamshika. Watu nao walikuwa wakinyamaza mmoja baada ya mwingine, mbuzi bado anakimbia.

"Haya," Ange akasema taratibu. "Sasa tuonyeshe inavyotakiwa."

Swaumu akavua kofia. Akakaa mkekani kando yake, akavuta ungo katikati yao, akaanza kuchambua. Hakusema neno. Maisha yake yote Khatibu hakuwa ameogopa kitu kama watu walionyamaza, na sasa gulio zima lilinyamaza. Akabaki amekaa. Alipokuja kusema, alisema maneno ambayo Ange hakuwahi kuyasikia kwenye mazoezi.

"Ulitaka tumwite nani?"

Mkono wa Swaumu ukasimama. "Mwanahawa," akasema. "Akiwa wa kiume, Dadi."

"Hukuniambia, mke wangu."

"Hukuniuliza. Ulikuwa unaniletea mbuzi."

Khatibu akalia. Akalia mbele ya wateja wake wote, ndani ya kanga za mkewe, machozi yakiingia kwenye ndevu.

"Yemwe, jamani!" akasema bibi mmoja wa mbele, Esteri, akimpiga mwenzake kiwiko. "Huyu leo ndo kaigiza. Mpaka makamasi!"

Swaumu akasikia. Mabega yakaanza kumtikisika, akajiziba mdomo kwa mkono, wapi. Kicheko kikamtoka hadharani, chembamba kwanza, kisha chenyewe hasa, na machozi yakamtoka pamoja nacho.

"Nikimaliza hapa namwona yule muuguzi," alimwambia akijifuta. "Halafu Ujiji tutakwenda wote."

Palepale kisa kizuri kikamjia Khatibu, kimeiva, kinamwasha ulimi. Akakimeza, akajisogeza karibu na mkewe, akaanza kuchambua maharage.