Kuanika Jua

Dobi alijua kaka yake amekuja kwa shari alipomwona akipita kwenye mashuka yaliyoning'inia, akiyasukuma kama vile yamemkosea. Akaja kusimama mbele ya meza ya pasi.

"Shikamoo, kaka."

Hakuitikia. "Futa," akasema.

"Nifute nini?"

"Usinichezee akili. Ile blogu yako."

Tangu maandamano yaanze, dobi alikuwa akiandika blogu bila kuweka jina. Aliandika aliyoyaona kazini: mashati ya wanafunzi yenye damu kwenye kola, suruali zilizoshiba moshi wa mabomu ya machozi, kiasi kwamba hata zikifuliwa na kurudiwa, pasi ikizigusa tu macho yanawaka. Watu walisoma, wakatumiana. Kila mtandao ulipozimwa, walisimuliana kwa mdomo. Aliyemjua mwandishi ni mmoja tu, mama mpiga pasi waliyefanya naye kazi. Kila alipomwona dobi kashika simu, mama huyo alivuta fungu la nguo za mwenzake na kulinyoosha, kimya kimya.

"Nani kakwambia ni mimi?" dobi akauliza.

"'Wanaanika jua.' Nani mwingine anasema hivyo dunia nzima?"

Yalikuwa maneno ya marehemu mama yao. Akiona mtu anahangaika na kazi isiyo na maana, mama alisema huyo anaanika jua. Majirani hawakuwa nayo, hata mashangazi hawakuwa nayo. Na juzi, bila kufikiri, dobi aliandika: wanafunga mtandao, wanafunga vijana, wanaanika jua tu.

"Si ungenyamaza, basi? Tunaoyajua ni mimi na wewe."

Kaka akatazama sakafu. Alikuwa karani katika ofisi ya serikali ya kuchungulia yanayoandikwa mtandaoni na kupeleka majina ya waandishi kwa wakubwa.

"Nilicheka," akasema. "Jana mwenzangu alisoma kwa sauti, nikacheka. Nikasema, hee, huyo mbona anasema kama mama yangu! Lilinitoka tu."

"Mbele ya bosi?"

"Mbele ya wote! Sasa wanasema mwandishi ni mimi. Kesho nahojiwa. Nina watoto, we mwanamke!"

"Na mimi nina nini, kuku?"

Mpiga pasi akacheka, akajifanya anakohoa.

"Mdomo wako huo!" kaka akafoka. "Mume umemkosa, sasa unatafuta ugomvi na serikali."

"Wewe je, uliyeolewa nayo? Imekufaa nini?"

Kaka akapiga meza kwa kiganja, rundo la mashati likaporomoka. Hakuna aliyeinama kuyaokota.

"Futa, nasema!"

"Nikifuta leo, kesho watasema ulitoka ofisini ukakimbilia kufuta. Utakuwa umejifunga mwenyewe."

Hilo kaka hakuwa amelifikiria.

"Basi nitakutaja."

"Nitaje."

Kaka akakaza macho ukutani. Dobi akamtazama vizuri, macho mekundu, shati lenye mikunjo ya kulaliwa. Kumbe angeweza kumtaja tangu jana, akamaliza taabu yake kwa neno moja. Hakumtaja. Badala yake alikuja kumtukana.

Dobi akajifuta mikono, akachukua simu. Aliandika polepole, kidole kimoja, na kaka hakumuuliza anaandika nini. Alipomaliza akamsogezea.

Lilikuwa jina lake kamili, na la baba yao, na mtaa lilipo duka hilo. Chini yake: Mimi ni dobi. Nimeandika haya yote peke yangu, wala sikutumwa. Sitafuta hata neno moja.

Andiko lilikuwa limeshatoka, watu walikuwa wameanza kulijibu.

"Mjinga wewe," kaka akasema. "Mjinga kabisa." Akarudia tena. Kisha akageuka, akayapita mashuka, na akiwa mlangoni akasema bila kuangalia nyuma, "Gari lao ni jeupe. Halina namba." Akaenda zake bila kuaga.

Mpiga pasi akachomoa pasi kwenye umeme. Akaenda nyuma ya duka kwenye mkoba wake, akarudi na sweta.

"Vaa, mwanangu. Huko rumande nasikia wanalaza watu kwenye saruji."

"Na wewe utavaa nini?"

"Mimi nina mafuta yangu mwilini. Vaa."

Dobi akalivaa. Lilimpwaya, mikono ikamfunika vidole, na mama yule akamkunjia, mmoja baada ya mwingine.