Mfua Nguo wa Gemu ya Tatu

Mdogo wangu Mitsuru aliambiwa ana saratani ya kongosho mwezi wa kumi, wiki ile ile kiwandani kwao walipoanza kuoka biskuti za mchele za mwaka mpya. Alirudi nyumbani kwa baiskeli, akavua viatu, akala chakula chote nilichomwekea, ndipo akaniambia.

"Dada, daktari anasema nisihangaike kununua kalenda."

Ndivyo alivyokuwa. Habari mbaya aliitoa kama mtu anayekwambia maziwa yamekwisha.

Tulikuwa wawili tu katika nyumba ya marehemu mama, hapa Nagaoka. Mimi nilirudi baada ya ndoa yangu kuvunjika. Yeye hakuwahi kuondoka. Miaka arobaini, hana mke wala mtoto, na jirani yeyote angekwambia Kajiwara yule, kwa jina letu la ukoo, ni mpole, hana neno na mtu. Lakini kwenye mtandao mdogo wangu alikuwa mtu wa kuogopwa. Huko walimjua kwa jambo moja: mpangilio wa miaka ya Falme za Ukungu.

Hizo ni gemu sita za video. Ya kwanza aliipata akiwa shule ya msingi, ya sita ilipotoka tayari ana mvi. Zote zinasimulia nchi moja, kila moja na enzi yake, na kampuni iliyozitengeneza haikusema hata siku moja ipi inatangulia ipi. Watu wazima wenye kazi zao walikesha wakipima urefu wa miti iliyochorwa, wakihesabu makaburi, wakibishana kama daraja lililovunjika katika gemu hii ndilo linalojengwa katika gemu ile. Mitsuru alikuwa na tovuti ya mambo hayo tangu zama za kuingia mtandaoni kwa waya wa simu. Aliianzisha na Iizuka, rafiki yake wa sekondari. Walicheza pamoja kwenye sakafu ya sebule yetu, soksi zikinuka, mama akiwasogezea matonge ya wali kwa mguu kwa sababu hawakuinua macho.

Kilichowatenganisha ni bibi kizee mfua nguo. Yumo katika gemu ya tatu, kando ya kisima. Ukimsogelea anasema maneno machache tu: "Nilipokuwa msichana, kengele ililia mara tatu." Mwisho wa gemu ya kwanza kengele kuu ya mji inalia mara tatu kisha inapasuka. Kwa hiyo Mitsuru alisema bibi huyu aliisikia siku ile, na gemu ya tatu inakuja miaka sitini baada ya ya kwanza. Iizuka alisema hapana, kengele hiyo ililia mara tatu pia siku ilipotundikwa, karne nyingi kabla; gemu ya tatu ndiyo mwanzo wa yote.

Walibishana hivyo miaka mingi wakicheka. Kisha gemu ya tano ikatoka, ubishi ukapata wafuasi, na wafuasi ndio hutia petroli. Iizuka aliandika mbele ya watu wote kwamba Mitsuru ni kipofu anayehesabu ngazi za nyumba ya mwenzake. Mitsuru akamjibu usiku huo huo. Aliandika kwamba mtu asiyejua mkewe analala wapi asitufundishe nani alitangulia nani. Mke wa Iizuka alikuwa ameondoka mwezi mmoja kabla, na aliyejua ni Mitsuru peke yake. Aliambiwa siri hiyo akaigeuza kisu. Tangu siku ile hawakusemeshana, na miaka kumi na miwili ilikuwa imepita.

Mwezi wa kwanza, theluji ikiwa imefika madirishani, Mitsuru alilazwa kwa mara ya mwisho. Daktari alinambia kando kwamba tuhesabu wiki. Nikaingia chumbani nikamwuliza anataka nini. Nilitarajia aseme chakula, au maji moto ya chemchemi kule mlimani alikotupeleka baba.

"Nataka kujua gemu ya tatu inakaa wapi," akasema.

"Mitsuru, nakuuliza kweli."

"Nami nakujibu kweli, dada. Unadhani natania kwa bomba hili puani?"

Nilikwenda nyumbani nikawasha mashine yake ya zamani, nikaicheza gemu ile mpaka yanapopanda majina ya waliotengeneza. Sikuimaliza mimi, nilifungua kumbukumbu aliyoihifadhi. Mwandishi alikuwa mwanamke, Onodera Kiyomi. Kampuni walinijibu kwamba aliacha kazi zamani, lakini walikubali kumfikishia barua. Baada ya siku tisa alinipigia simu mwenyewe. Anaishi Takaoka, yeye na mumewe wanauza mboga za kusindika. Nilipomweleza akasema, "Nitakuja Jumamosi."

Alifika saa nane mchana, mwanamke mfupi wa miaka kama sitini, koti limelowa mabegani, mkononi kachupa ka figili za chumvi kwa mgonjwa asiyeweza kumeza hata mate. Nilimzuia kwenye korido kabla hajaingia. Hapa ndipo nilipotenda nililolitenda.

"Bi Onodera, samahani sana. Atakuuliza gemu ya tatu inakuja lini. Mwambie ni miaka sitini baada ya ya kwanza."

"Ni hivyo?"

"Sijui mimi! Wewe ndiye uliyeandika."

Alinitazama kwa aibu. "Dada yangu, ni miaka ishirini na minne sasa. Hata majina ya wahusika niliyakumbuka jana kwenye treni."

Basi nikamfundisha. Nikamweleza kengele, kisima, bibi mfua nguo. Nikamwambia aseme kulikuwa na jedwali ukutani ofisini, lenye miaka yote. Nilimfundisha mwandishi hadithi yake mwenyewe, tumesimama kando ya mashine ya kuuza chai ya makopo, naye anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Nikamshika mikono. "Ana siku chache. Afe ameshinda."

Mitsuru alikuwa ameomba anyolewe ndevu. Alipomwona akataka kuinuka ainamishe kichwa, nesi akamrudisha. Waliamkiana. Bi Onodera akaketi, akasema aliyofundishwa, na aliyasema vizuri. Jedwali ukutani. Miaka sitini. Bibi aliyeisikia kengele siku ilipopasuka.

Nilimtazama mdogo wangu nikingoja uso ung'ae. Uling'aa, kwa muda wa pumzi mbili tatu. Kisha nikaona jicho lake linageuka lile la mtandaoni, ambalo sikuwahi kuliona nyumbani.

"Mama," akasema taratibu, "na lile suala la mawe mlilitatuaje?"

"Mawe?"

"Watu wa mji. Katika gemu ya kwanza wote wanageuka mawe kabla kengele haijalia. Wote, mpaka mbwa. Hakuna msichana aliyebaki na masikio. Hilo ndilo tundu la nadharia yangu, nami nimeliziba kwa matope miaka kumi na miwili. Iizuka hajaligundua. Hakuna aliyeligundua." Akapumzika kupata pumzi. "Kama jedwali lingekuwepo, hilo ndilo lingekuwa la kwanza kuandikwa."

Bi Onodera alinigeukia. Laiti asingenigeukia.

"Usimtazame dada," Mitsuru akasema. "Nitazame mimi. Nimekuuliza wewe."

"Hapakuwa na jedwali," akasema Bi Onodera. Sauti ilikuwa imeshuka kabisa. "Hapakuwa na mpangilio. Kila gemu tuliianza upya, bosi akitaka mji, tunachora mji. Hatukuwahi kukaa tukasema hii kabla, hii baada. Nisamehe."

"Na yule bibi?"

"Alikuwa amechorwa tayari, amekaa tu kisimani, hana la kusema. Waliniambia weka chochote, tunafunga kesho. Bibi yangu alikuwa akifua mtoni, akipenda kuanza maneno na 'nilipokuwa msichana'. Nikamkumbuka yeye."

"Kwa nini mara tatu?"

Alifikiri, na nilimwona anajitahidi kweli kweli kukumbuka, amwachie hata kitu kidogo.

"Mbili ilionekana chache," akasema.

Mitsuru alifumba macho. Hakulia, hakukasirika. Alimshukuru kwa kusafiri katika theluji, akamtakia safari njema kwa maneno yote ya heshima, hata moja hakuliruka. Mwanamke yule alitoka akishika ukuta.

Tulipobaki wawili alisema, "Ni wewe uliyemfundisha."

"Ndiyo."

"Ungemwacha aingie mwenyewe, dada. Angeniambia ukweli, ningemcheka, tungecheka wote. Sasa nimeupata kwa kumbana mama wa watu kama mwizi." Akageukia dirishani. Siku mbili hakunisemesha, isipokuwa "maji" na "asante".

Siku ya tatu alisema nimpigie Iizuka. Nilidhani nimesamehewa, nilidhani yote yatasamehewa. Nilimpata Iizuka kazini kwake Niigata, kwenye duka la vifaa vya umeme. Alinisikiliza, akauliza chumba namba ngapi, na jioni hiyo hiyo akaingia na sare ya duka, jina lake limebandikwa kifuani. Amenenepa. Alipouona mwili wa mwenzake alishika kitasa cha mlango kwa muda.

"Umekonda, mshenzi wewe," akasema.

"Na wewe umekula sehemu yangu," Mitsuru akamjibu.

Nilitaka kuwaacha, Mitsuru akanizuia. Akamweleza yote kwa vipande, akipumzika katikati. Mwandishi amekuja. Hakuna jedwali. Hakuna mpangilio. Bibi hakusikia kengele yoyote.

Iizuka alitikisa kichwa. "Amesahau. Mtu wa miaka ile anakumbuka nini? Mwandishi hajui alichokiandika. Sisi ndio tunaojua."

"Hapakuwa na kitu, Iizuka. Tuligombania hewa."

"Nyamaza."

"Nilikutenda vibaya kwa ajili ya hewa. Nataka uniachilie."

Nilingoja ainame, amshike mkono, afanye kile watu hufanya. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Ungeniambia ulikuwa sahihi," akasema, "ningekusamehe. Ungeniambia mimi ndiye niliyekuwa sahihi, ningekusamehe nikakununulia na pombe. Ulimwanika mke wangu mbele ya watu elfu tatu. Nilikuwa najiambia, angalau alikuwa akitetea kitu. Leo unaniambia ilikuwa hewa?" Akageukia mlango. "Hapana. Hilo usinipe. Kufa nalo mwenyewe."

Akatoka bila kuinamisha kichwa. Viatu vyake vilisikika vikienda mpaka kwenye lifti, vikasimama pale muda mrefu, kisha lifti ikaita na kufunga. Mitsuru alikuwa akitazama mlango.

"Ana haki," akasema.

Alikufa siku ya nne baada ya hapo, saa nne asubuhi, watu wakizoa theluji chini kwenye maegesho. Kwenye mazishi Iizuka hakutokea. Ilikuja telegramu ya rambirambi, ile ya maneno yaliyochaguliwa kwenye orodha ya posta. Aliyekuja ni Bi Onodera, kwa treni ya alfajiri, amevaa kimono cheusi cha maombolezo. Alilia kuliko shangazi zetu wote, wakawa wanaulizana nani huyu, labda marehemu alikuwa na mwanamke wake. Nilimwomba radhi. Akasema, "Sikupaswa kukubali," nami nikasema sikupaswa kuomba, tukabaki tumekaa mbele ya picha yake, kila mmoja akitaka kuubeba mzigo ule na hakuna aliyempunguzia mwenzake.

Nilitangaza msiba kwenye tovuti yake. Walikuja mamia kuandika pole. Mmoja aliuliza kama kuna maandishi yake ambayo hayajatoka, hasa ya kuhusu kengele. Chini yake wakaanza. Kufikia jioni walikuwa wanatukanana. Sikuwaambia habari za mawe wala habari za mwandishi. Nilifunga tovuti mwisho wa mwezi.

Mwezi wa nne, theluji imeyeyuka na matope yamejaa njiani, simu ya nyumbani ililia nikiwa naanika futoni, magodoro yetu ya sakafuni. Alikuwa Iizuka. Aliniamkia vizuri, akauliza afya, akasema maua ya mcheri kwao yamechanua mapema. Nilimwacha azunguke.

"Dada," hatimaye akasema, "siku ile, nilipotoka. Alisema kitu?"

"Alisema una haki."

Nilisikia kelele za duka nyuma yake, mtu akitangaza bei ya majokofu.

"Na baadaye? Siku zile zilizobaki. Hakunitaja?"

Ningeweza kumpa neno. Nilikuwa nalo tayari mdomoni, zuri, la kumfaa, na hakuna ambaye angejua.

"Hapana," nikasema. "Aliomba barafu ya kunyonya. Halafu akalala."



"Sawa," akasema. "Asante kwa kuniambia."

Akakata simu. Nilirudi nje kumalizia kuanika.