Uwanja Usio na Watoto

Yule dada mgeni, wa kofia, alipofunga utepe mwekundu kwenye mti wa tatu, fundi cherehani alisimamisha mguu kwenye pedali. Dirisha lake la ghorofa ya chini lilitazama uwanja wa nyasi nyuma ya majengo, na hakuna kilichompita.

"Unaona?" alisema jirani wa juu, mama ambaye wote walimwita Redio kwa kuwa hazimiki. "Mti ukishavishwa nyekundu, ujue shoka linanolewa."

"Anasema ni mtafiti. Anachunguza nyasi na miti inavyowasaidia watoto."

"Mtafiti!" Redio alichekea puani. "Tangu lini mtu akasomea nyasi, shoga yangu? Hata mbuzi hajazisomea. Huyo katumwa. Leo anaangalia watoto, kesho tunaambiwa wanaharibu bustani, keshokutwa geti na kufuli."

Fundi hakubisha. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na kona yao ya kuanikia nguo ilikwenda hivyo hivyo: walikuja vijana wapole wenye tabasamu, wakapiga picha, kisha ukapanda ukuta.

Basi wazazi wakakubaliana pale ngazini. Maadamu kofia ile ipo, asionekane mtoto uwanjani. Kila alasiri dada yule alikaa kwenye kigoda chake akitazama nyasi tupu, na nyuma ya mapazia wazazi wakamtazama yeye. Atachoka, fundi alijiambia. Atajiondokea.

Aliyechoka kwanza ni Kidoti, binti yake. Mtoto aliyezoea kurudi na magoti ya udongo, akala, akalala kama gogo, sasa alizunguka chumbani kama nzi ndani ya chupa. Chakula alikichokonoa tu. Kitandani aligaragara na kuuliza, "Mama, mti wangu si utadhani nimehama?"

Siku moja hodi ilipigwa. Alikuwa dada wa kofia, kamba ya mkoba imekatika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Weka hapo."

Fundi alishona taratibu kuliko ilivyohitajika, macho yakipekua ndani ya mkoba. Chupa ya maji, mkate, bunda la tepe.

"Hizi tepe za nini?"

"Nafunga miti ambayo magome yake yamelainika kwa kupandwa na watoto. Nilitaka kujua nani anapanda upi. Lakini watoto wenyewe siwaoni." Akamwona Kidoti chini ya meza, akatabasamu. "Huyu analala vizuri siku hizi?"

Sindano ikamchoma fundi kidole. "Nani kakwambia halali?"

"Hakuna, mama. Namuuliza kila mzazi. Mtoto asiye na pa kukimbia mara nyingi halali vizuri."

Jibu liko tayari kama nguo ya dukani, fundi aliwaza. "Sema kweli, mwanangu. Nani kakutuma?"

Dada akavua kofia. Bila kofia alionekana kama aliyemaliza shule juzi. "Chuo. Ila manispaa wanasubiri majibu yetu. Wanataka kuweka maegesho ya magari, wanasema uwanja hautumiki. Kesho ndiyo siku yangu ya mwisho."

"Si useme tu kwamba watoto wapo? Magome umeyaona."

"Nikisema nisichokiona, watakuja wenyewe na kukuta patupu. Mama, mimi nimeona nyasi tu."

Alipoondoka, Redio alikuwa keshafika mlangoni. "Ndiyo chambo hicho! Samaki hanaswi kwa ndoano tupu. Watoe watoto uone."

"Na tukiendelea kuwaficha?"

"Angalau hatujawapa uwanja kwa mikono yetu."

Fundi akaugeukia ule ukuta. Siku zile pia walijifungia ndani, wakachungulia, wakangoja wageni wachoke. Hakuna aliyetoka kuuliza.

Alasiri ya kesho yake alibeba kigoda, shati la kupindwa na mkasi mkubwa. "Kidoti, nenda." Mtoto alichomoka kama mshale, kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

Fundi akatua kigoda karibu kabisa na cha dada, mahali anapoiona kalamu.

"Andika huyo. Na kila unachoandika unisomee kwa sauti. Nikisikia uongo, mkasi huu haukati nguo tu."

"Sawa, mama." Dada akaandika, akisoma kwa sauti. "Mtoto mmoja. Amepanda mti."

"Mti wake. Andika hivyo."

Pazia la juu likafunguka. "We shoga! Umechanganyikiwa?" Kabla fundi hajajibu, ndala zilikuwa zinapiga ngazini: wanawe Redio, wote wawili, hao wanashuka, na mama yao anawaita bila kusikilizwa.

"Sasa ni watatu," dada alisoma, akijipangusa macho kwa ukingo wa kofia.

"Endelea," fundi alisema, na hakuondoa jicho kwenye ile kalamu.