Boi wa Bwana Injinia

Mwaka reli ilipofika Dodoma, Matonya alikuwa na wajukuu saba na cheo kimoja. Mjerumani aliyesimamia ujenzi wa stesheni ndiye aliyempa, siku alipomkabidhi ufunguo wa nyumba na pasi ya mkaa: "Wewe Boi." Matonya alikipokea kwa mikono miwili. Akida aliitwa Akida, jumbe aliitwa Jumbe, naye sasa aliitwa Boi. Kwao Nkuhungu mkewe akaanza kuitwa Mke wa Boi, na kisimani wanawake wakampisha.

Ndipo Gideoni, mpwa wake aliyesomeshwa na wamisionari Waingereza, akaja kumsalimu.

"Mjomba, hilo neno ni la Kiingereza. Wajerumani wameliazima."

"Maana yake?"

Gideoni akakuna shingo. "Mtoto wa kiume. Ila mwalimu wangu alisema zamani, kwa Waingereza wenyewe, lilimaanisha mtumishi. Maana ya mtoto ilikuja baadaye."

"Kwa hiyo nichague: mtumwa au mtoto."

"Mtumishi, mjomba."

Kwa wiki nzima Matonya alipiga pasi mashati ya bwana wake kama mtu anayeyaadhibu.

Mwezi uliofuata Akida Halfani alikuja na askari wawili. Kila mwanamume mzima alitakiwa kwenda kuvunja kokoto za reli, na Bwana Injinia alikuwa amesafiri kwenda pwani. Matonya akatoa cheti alichoachiwa, akampa Gideoni akisome mbele ya watu wote.

"Huyu ni Boi wangu," Gideoni akasoma.

"Sasa waeleze maana yake," akasema Matonya.

Gideoni alimtazama mjomba wake, mvi zake na mapengo yake. "Mtoto wa kiume."

Watu wakainamisha vichwa wasicheke. Halfani akakigeuza cheti, akaukuta mhuri. Kubishana na mzee lilikuwa jambo jepesi; kubishana na mhuri wa Mjerumani kulikuwa na viboko ishirini na tano.

"Sawa," akasema taratibu. "Ni mtoto. Na amri ya serikali inasema watoto wa kiume waende shule."

Jumatatu Matonya aliketi kwenye benchi la mbele, magoti yakimgusa kidevu. Mwalimu Yahaya, kijana wa miaka ishirini, alimwamkia kwanza, "Shikamoo, mzee," kisha akamwonya kwa kuchelewa. Siku za mwanzo Matonya aliona aibu hata ya kuinua uso. Lakini siku ya kumi na mbili aliandika M, akaitazama kibaoni, akaona inafanana na migongo ya ng'ombe wawili waliosimama sambamba. Akaandika nyingine, kisha nyingine, hadi kibao kikajaa kundi zima.

Kokoto zilipokwisha, Halfani alikuja shuleni mwenyewe.

"Mzee, kazi imeisha. Rudi nyumbani."

"Shikamoo, Akida," akasema Matonya, bila kuinua macho. "Hatujafika kwenye R ya 'rudi'."