Mkono Mpole kwa Injini ya Verlin

Daktari alipomkataza urubani kwa sababu ya ugonjwa wa moyo, Verlin aliamua kuiuza ndege yake, lakini si kwa yeyote tu. Injini ile ilizungusha pangaboi kwa gia, na rubani akipunguza mafuta ghafla angani, meno ya gia hugongana mpaka yakasagika. Wanunuzi wawili kutoka mji wa Fairbanks alikwisha kuwafukuza kwa kuwa mikono yao ilikuwa mizito kwenye injini.

Leo alikuwa angani akimjaribu Joanie, binti wa jirani, aliyeshika usukani. Walipoukaribia uwanja wa kutua wa changarawe kando ya mto, walikuwa juu mno. Verlin akakaza meno, akingoja binti apunguze mafuta yote kwa mkupuo ili washuke haraka.

Joanie hakufanya hivyo. Aliongeza nguvu polepole, akaupita uwanja, akaanza kuzunguka upya. Chini, wavuvi wakampungia mikono kwa kejeli.

"Uwanja wote ule umeukosa!" Verlin akamchokoza.

"Heri nichekwe mimi, mzee, kuliko kuisaga injini yako."

"Yako sasa," akasema Verlin, kisha akageukia dirishani, akatazama misonobari mpaka walipotua.