Kiti cha Mteja wa Kwanza

Nhàn alianza kuuza supu ya konokono Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, kando ya meza yangu ya chai. Alikuwa amejipa siku tatu. Biashara ikikataa, Jumatatu angerudi kiwandani Bắc Ninh na kumwacha tena bintiye kwa bibi yake.

Hapa Hanoi mteja wa kwanza ndiye anayeibeba siku. Akila, wengine watafuata. Akitazama tu na kuondoka, ameacha mkosi.

Wa kwanza alikuwa mgeni, mzungu mrefu mwenye mvi. Aliinama juu ya sufuria, akavuta harufu ya nyanya na siki, akatabasamu. Nhàn akashika bakuli. Mgeni akakikandamiza kwa kiganja kiti cha plastiki, kimoja cha vile vyetu visivyofika magotini, mara moja, mara mbili. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

"Haya, imekula kwako!" akasema Thược, muuza wali wa kunata wa upande wa pili wa uchochoro. "Choma karatasi upesi, shoga, kabla mkosi haujaota mizizi."

"Mkosi gani? Labda amesahau pochi," nikasema.

"Mjomba Khiêm, wewe hata mwizi ungesema amepotea njia tu!"

Nhàn alikwisha kuviringisha gazeti la kuchomea, alipitishe juu ya sufuria na viti kuufukuza mkosi. Na mtu uliyemfukuza kwa moshi, utamkaribishaje tena?

"Mwanangu," nikamwambia, "ngoja nimalize gilasi hii ya chai. Nikimaliza, choma."

Nikanywa polepole.

"Mjomba, unainywa au unaibusu?" Thược akauliza.

Ilipobaki funda moja, Nhàn akawasha kiberiti.

"Jamani, tazameni!" Thược akapiga kelele.

Yule mgeni alikuwa anakuja, kiti cha mbao cha nyumba ya wageni begani, mkono wa pili amemshika bibi kizee mwenye mkongojo, aliyefanana naye pua. Magoti ya mama yule yasingeweza kushuka kwenye viti vyetu. Njiti ikamuunguza Nhàn kidole, akaitupa.

Bibi alipokaa, meza ikawa chini mno. Nhàn akapandanisha viti viwili vya plastiki, akaweka bakuli juu. Akamwonyesha mara moja jinsi ya kumchomoa konokono kwa kijiti. Bibi akala taratibu, akainua bakuli na kuimaliza supu yote.

Makarani wawili walisimamisha pikipiki wakishangaa kile kiti. Harufu ikawashusha. Wakafuata wanawake watatu wa sokoni.

Thược akavuka uchochoro. Alilichukua lile gazeti, akafungia wali wa kunata, akampelekea bibi.

"Mjomba, niazime viti vyako," Nhàn akasema.

"Vingapi?"

"Vyote."

Asubuhi ile wateja wangu wa chai walikunywa wamesimama, nami pia.